Unyaufu

Kabla hujaniuliza nimeinunua shilingi ngapi,
niulize ile ya zamani ilikufaje.
Ilikufa Oktoba, siku ya mnada wa pili,
diski ikilia tk, tk, tk, mjusi ukutani,
na ndani yake majina mia tatu na kumi na mawili
ya wakulima wa Kitangari, na kilo zao.
Niliyaandika upya kwa mkono
kutoka kwenye stakabadhi walizoniletea
zimekunjwa mara nane, zinanuka maganda na jasho.
Watu kumi na tisa hawakuwa na stakabadhi.
Waliniangalia.
Mimi ni karani wa mizani, najua kuangaliwa.

Basi hii mpya nimeifungua mwenyewe,
fundi Shaweji yuko pembeni, "mama Somoe, taratibu,"
skrubu kumi na moja kwenye kisosi cha chai.
Ina vyumba viwili.
Kimoja chembamba, urefu wa kidole cha shahada,
cha diski isiyozunguka, isiyosema kitu.
Kingine kipana kama kiganja,
cha diski ya sahani, ile ya kuvuma.

Dukani Masasi walitaka nichukue ya haraka tupu,
kubwa, bei ya magunia.
Nikawaambia natoka Newala.
Kwetu maji hupanda mlima yakipenda.
Kila nyumba ina ndoo ya mlangoni, unachota bila kuinama,
na kisima cha uani, mdomo umefunikwa bati,
mvua ya Machi tunainywa Septemba.
Ndogo ya haraka, basi, kwa mfumo na kazi ya leo.
Kubwa ya polepole kwa majina.
Na ya tatu, ya nje, nitaifunga kwenye khanga
ikalale kwa dada yangu Tandahimba.
"Tatu, mama?" Shaweji akacheka.
Yeye hakuangaliwa na watu kumi na tisa.

Mashine ikauliza:
*Vyote vilivyomo vitafutwa. Endelea?*
Diski mpya, haijaandikwa hata nukta,
na kidole changu kikasita juu ya kitufe
mpaka chai ikapoa.

Ya kwanza ikaitwa C. Ya pili D.
"A na B wako wapi?"
"Zilikuwa za diski laini, mama. Zilikufa sijazaliwa.
Nafasi zao hazigawiwi hivihivi."
Hapo nikaipenda kidogo.

Halafu nikaona namba.
Nimelipia elfu moja.
Imeandika mia tisa thelathini na moja.
"Shaweji. Sitini na tisa ziko wapi?"
Sauti iliyotoka haikuwa yangu,
ilikuwa ya Bibi Asina Malibiche, Novemba,
gunia limeshuka kichwani, liko kwenye mizani yangu:
"Mwanangu, nyumbani zilikuwa sitini."

Shaweji akaeleza vizuri, kijana wa watu.
Kiwandani elfu ni elfu.
Mashine elfu yake ni elfu na ishirini na nne.
Hakuna aliyeiba, mama. Ni kipimo.

Hakuna aliyeiba, nilimwambia Bibi Asina.
Ni unyaufu. Korosho ikikaa hukauka,
maji yanatoka, uzito unaondoka nayo.
Ilikuwa kweli, Mungu shahidi.
Naye alitikisa kichwa kama ninavyotikisa sasa,
mtu aliyeelewa kila neno
na kilo zake hazipo.

Kwenye D nimefungua folda, nimeiandika *Kumi na tisa*.
Haina kitu. Jumatatu nitaanza na nyumba ya Bibi Asina,
daftari mkononi, nitaandika namba atakayoitaja yeye.

Tunafunga. Skrubu ya nane, ya tisa, ya kumi.
Kisosi kitupu.
"Moja haidhuru," anasema Shaweji,
lakini ameshawasha tochi ya simu,
na tumeinama wote wawili,
tunapapasa sakafu.