Kwa Atakayefungua

Bwana Shehoza anataka gundi ya milele.
Amesimama kwenye sitaha ya boti yake ya faiba, Sahare,
soksi nyeupe, viatu mkononi:
Fundi Mwanakombo, weka ile inayoshika mpaka kiama.

Mimi nimepiga magoti mbele ya nguzo ya reli.
Mguu wa chuma, bolti nne,
na chini yake maji yamekuwa yakiingia kimya kimya
kama deni la dukani.

Nati zimetoka. Bolti zimetoka.
Mguu haukutoka.
Nimeingiza kisu cha rangi, kikapinda.
Nimepasha moto kwa draya ya nywele ya mke wa Hiza,
nimepitisha uzi wa kuvulia, huku na huku,
kama muuza duka anavyokata mche wa sabuni.
Mwishowe nyundo. Moja tu.
Mguu ukang'oka na ngozi ya sitaha,
bamba la upana wa kisahani,
na ndani ubao mweusi, umelowa,
unachoteka kwa kijiko.

"Nani alifanya upuuzi huu?"

Hiza akanitazama. Alikuwa ameshaona,
kule chini, kwa tochi, alama ya penseli:
M.K., na mwaka
niliotoka chuoni, cheti bado kina harufu ya wino,
nikidhani kazi nzuri ni ile isiyofunguka.

Nikasema: Mimi.

Jenereta ya jirani ikakohoa, ikazima.
Tukapunguza bei. Tukanywa chai, yeye bila sukari.
Tukakomba uozo, tukauacha ubao ukauke siku nne,
tukajaza epoksi.

Sasa nachagua tena.
Silikoni ni mpangaji mchafu:
akihama huacha mafuta yasiyoonekana,
na rangi, na gundi, na hata silikoni mwenziwe
hakuna anayekubali kulala alipolala.
Ile nyeupe ya bomba, niliyoiamini ujanani,
ibaki kwenye mkuku. Huko hakuna anayebisha hodi.
Butili nimeifuata Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa Mbaruku anayebandika taa za magari:
utepe mweusi uliokunjwa na karatasi yake.
Nimeuvuta pale pale dukani
ukavutika kama halua ingali sufuriani,
ukawa uzi, ukawa unywele,
Mbaruku akasema basi, utaumaliza kabla hujalipa.

(Ila si kwenye mdomo wa tangi. Petroli huila butili
kama watoto na sukari guru. Pale naweka nyingine,
na bei yake nimemwambia Bwana Shehoza akiwa ameketi.)

Napanua mdomo wa tundu kwa keekee, kidogo,
uwe kama kikombe cha kahawa.
Nausokota utepe shingoni mwa bolti, kilemba chembamba.
Hiza juu anaishika bolti isizunguke,
mimi chini nazungusha nati.
Leo robo.
Kesho, jua likishapasha chuma, robo.
Weusi unachungulia pembeni,
naukata kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.

"Kwa nini usikaze ukamaliza?" Hiza huyo.
Ukikaza yote leo itatoka yote nje,
utabaki na chuma juu ya faiba,
wamekumbatiana na hawana cha kuambiana.

Siku ya tatu Bwana Shehoza amekuja na ndoo.
Amemwaga maji mwenyewe, amesubiri, amemwaga tena.
Itashika?
Itashika.
Mpaka lini?
Mpaka mtu aje na uzi.
Hakupenda jibu hilo. Amelipa nusu, nusu Ijumaa.

Nimejipenyeza chini ya sitaha, tochi mdomoni.
Herufi zangu za zamani sikuzifuta.
Pembeni yake nimeandika:
*Butili. Pasha joto kidogo. Pitisha uzi.
Usipige nyundo.*
Penseli ikavunjika kabla sijaweka jina.