Mti wa Rusayl

Kadi mia tatu na kumi, herufi za dhahabu.
Jina la Salha upande huu. Upande ule jina
ambalo kwetu halitajwi tena.
Zilikaa miaka mitano juu ya kabati, nyuma ya pasi mbovu,
mpaka mama aliposema, bila kunitazama:
"Si mna kinu huko Rusayl? Zichukue."

Nikazichukua.

Agosti, karakana ya Bi Muzna, nyuma ya kiwanda cha marumaru.
Bati linalia kwa joto.
Mofizul anachambua upesi, kama apepetaye mchele:
vifuniko vya chupa, ndoo zilizopasuka,
magunia ya basmati, makopo ya laban yaliyooshwa nusu.
Chupa zenyewe za maji anazitupa pembeni.
Hizo zataka moto mkali mno; kabla hazijalegea
karatasi imeshakuwa majivu.
Si kila aletaye posa hukaribishwa ndani.

Tabia zao tunazijua.
Karatasi hupenda maji, hunywa hata jasho la hewa.
Plastiki huyakataa: tone likianguka juu yake
hujiviringa, likaenda zake.
Ukiwachanganya hivi hivi, watapatana kwa muda wa moto tu.
Wakipoa, kila mmoja ageukia ukuta wake,
na ubao unavunjika mkononi kama mkate wa juzi.

"Wanataka mshenga," husema Bi Muzna,
akapima unga mweupe, vijiko vitatu kwa mia, hazidishi.
Unga wenye mkono wa kumshika huyu
na mkono wa kumshika yule.
Nami nikamkumbuka mshenga wetu, Bwana Humoud,
dishdasha imenyooka kama karatasi mpya,
alivyoimaliza halua, akanywa kahawa,
akanywa tena, akasahau kutikisa kikombe.

Kadi nilizisaga mwenyewe.
Sikuzisoma. Nilisoma moja.

Siku ya kwanza tuliharakisha.
Unga wa karatasi ulilala usiku juu ya dari,
na usiku wa Maskati, wajua, bahari hupanda ngazi bila viatu.
Tulipofungua mashine ubao ulikuwa na malengelenge
kama kiganja kilichoshika sufuria.
"Maji," akasema Mofizul,
na hilo lilikuwa neno lake la tatu la Kiswahili.
Bi Muzna hakugomba. Aliuvunja kwa goti,
akaurudisha kinuni.
Hilo ndilo nililolipendea kazi hii:
kosa nalo husagika.

Mara ya pili tulianika saa sita, jua la kichwa,
tukaingiza kabla ya alasiri,
nikashika konzi moja, nikaipima shavuni:
kavu, kavu kama kauli ya dada yangu siku zile.
Digrii mia na sabini. Dakika sita.
Sahani za chuma zikaachana polepole
na ubao ukatoka, rangi ya chai ya maziwa,
madoa ya buluu ya vifuniko,
na hapa na pale, kama chenga za sukari guru zisizoyeyuka,
dhahabu.

Nikaukata benchi. Nikaliweka ukumbini kwetu, Al-Hail.

Mama aliligonga kwa pete.
"Mti gani huu? Mvule?"
"Mti wa Rusayl."
"Huko kunaota miti?"
Akakaa. Kidole chake kikatembea pembeni mwa ubao
kikasimama mahali. Nilipajua:
nusu ya lamu, imeinama, haikusagika vizuri.
Akapafunika kwa ncha ya leso.
Baadaye, anapodhani sitazami,
akaiondoa ile ncha, akapangusa, akapaacha wazi.

Salha akaingia na sinia la chai.
Akauliza bei. Nikamwambia bure.
"Basi halitadumu," akasema,
akaketi kwa kishindo upande wa pili,
kusudi.

Halikulia.