Sababu ya Ziara

Kila Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu,
ukungu wa Njoro ungali umelalia ngano,
navuka reli na sketi yangu ya kijani,
soksi zimelowa umande hadi vifundoni,
mpaka lango la chuo kikuu.
Barng'etuny, bawabu, anafungua daftari la wageni.

Jina: Naum Jelimo.
Nambari ya kitambulisho: sina, nina miaka kumi na sita.
Anachora kistari kifupi,
kama alama ya kutoa iliyosahau cha kutoa.
Sababu ya ziara:
hapo husita, hupuliza vidole, huitazama tai yangu,
kisha huandika, Kumwona mtu.

Sijawahi kumsahihisha.

Ukumbi umeshuka kwa ngazi kama matuta ya mteremkoni.
Nakaa safu ya tatu, kati ya kaka mwenye ndevu
na mama anayembembeleza mtoto kwa mguu huku akinakili.
Wananiita Kidato.
Kidato, sogea. Kidato, kifutio unacho?
Daktari Makokha hajui kama nipo.
Hakagui madaftari. Hamwambii mtu akae wima.
Anaujaza ubao, anaufuta kwa mkono wa koti, anaanza upya,
na chaki inamtua mabegani kama unga kwa msagaji.
Wiki ile alifundisha kikomo:
namba inakaribia, inakaribia,
wala haifiki,
na bado tunajua ilikokuwa ikienda.
Nilicheka peke yangu. Mwenye ndevu akageuka.

Saa nne na dakika hamsini natimua mbio.
Kengele ya shule haina mambo ya kukaribia;
ikilia imelia.
Nyairo, kiranja, yupo mlangoni na saa yake:
"Profesa, umechelewa dakika tatu. Ufagio ule pale."
Nafagia.
Chini ya dawati la mwisho kuna maganda ya njugu
na swali la sehemu ambalo Wambeti amelikosa mara mbili.
Mchana naketi naye hadi maharage yanapoa,
hadi anasema, "Kumbe!",
na hiyo kumbe yake inanishibisha kiasi.

Gwarideni mwalimu mkuu ananisimamisha:
mtazameni, wa kwanza katika historia ya shule hii.
Makofi.
Mfukoni mwa sweta, karatasi ya mtihani wa chuo
imekunjwa mara nne:
thelathini na moja kwa mia.
Mimi, ambaye tangu darasa la kwanza
sikuwa najua namba mbili ina ladha gani.
Waliosema jogoo wa shamba hawiki mjini
hawakukiona chuo kilichozungukwa na shamba pande zote,
na jogoo kanyamaza humohumo.

Baba, mikono ikinuka pareto, aliuliza jambo moja:
"Ukikimbilia ya kesho, ya leo atakufanyia nani?"
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta kosa la swali la nne.
Nililipata saa sita usiku, kwa tochi ya simu ya mama,
blanketi kichwani:
kistari.
Alama ya kutoa niliyoiruka,
upana wa ukucha wa mtoto,
imekula alama kumi na mbili.
Nikaitazama sana. Hata hasira sikuwa nayo.

Alhamisi hii mvua. Daftari limelowa pembeni.
Vidole vya Barng'etuny vimekataa kuishika kalamu;
ananisukumia: "Jaza mwenyewe, binti."
Jina nalijua.
Kwenye kitambulisho nachora kistari changu,
kirefu, kisije kikarukwa.
Sababu ya ziara.
Kalamu inasimama. Foleni nyuma yangu inakohoa.
Naandika: Swali la nne.

Barng'etuny anasoma, anasoma tena,
kisha anakiinua kizuizi chote, hadi juu kabisa,
kana kwamba napita na lori.