Herufi Zilizozama

Saa kumi na moja alfajiri, Igogo bado imelala kati ya mawe,
nanawa mpaka viwikoni, nahesabu hadi sitini,
nafunga barakoa, nazima feni, nafunga dirisha.
Nkwimba ananitazama kama mteja
anayengoja nimwambie gauni litakuwa tayari lini.

Maji ya usiku yanateremka kutoka tumboni mwake
hadi kwenye mfuko, nami nauweka juu ya gazeti kuukuu.
Herufi zikisomeka kupitia maji hayo, ni heri:
bei ya pamba, matokeo ya mpira, kiwanja kinauzwa Buswelu.
Nasoma kwa sauti. Hucheka: "Bado hujakinunua?"

Leo herufi zimezama.
Maji ni kama yaliyooshewa mchele.
Nimeupeleka mfuko mlangoni penye mwanga
nikitafuta hata neno moja.

"Linauma?"
"Tangu saa nane. Sikutaka kukuamsha."

Mtaki wa maabara, kijana wa Ukara asiye na haraka,
aliinua jicho kwenye hadubini: "Mzee, hizi si taka.
Hawa ni watu wenu."
Akasema utando unaolifunika tumbo kwa ndani
(nikawaza bitana, mimi ni fundi nguo)
ulipomgusa mgeni ulipiga yowe.
Lina jina la kitabuni, saitokaini,
lakini ni yowe tu: nyumba ya kwanza inapiga,
ya pili inapokea, linaingia kwenye damu,
na chembe nyeupe zinatoka mbio na marungu,
mia nane ndani ya tone
ambalo juzi lilikuwa na mbili tatu za lindo.
Ukungu ule ni vumbi la miguu yao.

Nilikulia Magu. Yowe nalijua.
Usiku walipoibiwa ng'ombe kwa kina Shilinde tulikimbia wote,
hata mimi wa miaka tisa, nimeshika mwiko.
Mwizi alipatikana.
Asubuhi mtama wa mama ulikuwa umelala chini kama mkeka,
na hakuna aliyejua ni nyayo za nani.

"Na yowe lisiponyamaza?"
Mtaki akafuta miwani. Zipo sauti nyingine, akasema,
ndogo, zinazowaambia watu rudini mkalale.
Zikichelewa, bitana hukakamaa,
kovu juu ya kovu, na maji hayachujwi tena.

Walitupa dawa ya kuchanganya mfukoni.
Hawakuuliza nani aliacha mlango wazi.
Mimi najiuliza. Juzi umeme ulikatika, joto likatukaba,
nikafungua dirisha kiasi cha kiganja.
Wadudu wa ziwa walikuwa wamesimama juu ya maji
kama moshi wa kijiji kinachoungua.
Mmoja alitua kwenye kidole changu. Nikampuliza.
Labda ni yeye. Labda ni pumzi hiyo.

Nilimwambia Nkwimba usiku wa pili, homa ikiwa imemlowesha shuka.
Alikaa kimya mpaka nikadhani amelala.
"Ukiendelea kulishona hilo," akasema,
"litakubana mwenyewe. Lete maji ya kunywa."

Leo ni siku ya nne. Mfuko uko juu ya gazeti.
Naona "kiwanja". Naona "Bus".
Kinachofuata bado kimo kwenye ukungu.
Nasoma nilichopata, kwa sauti.
Hacheki.
"Sogeza mlangoni," anasema. "Soma tena."