Nati Upande Wake

Paneli nilizinunua kwenye hoteli ya Waitaliano
iliyofungwa kule Casuarina. Kumi na moja,
zingali na rangi ya kijani na alama za chaki
za mtu aliyezihesabu akaondoka.
Mkokoteni ulizileta Muyeye kwa safari mbili.
Fundi Kahindi akazigonga kwa kifundo cha kidole
kama mnunuzi wa nazi, akasema:
"Mbao ni nzima.
Kinachoua ua si mchwa, dada. Ni maungo."

Usilete misumari, aliniambia.
Msumari hutoka ulivyoingia.
Kusi ikivuma wiki mbili unaukuta umechungulia,
ya tatu umelala mchangani, unangoja mguu wa mtoto.
Leta breketi. Si zile nyeusi za bei ya chini,
hewa ya hapa ina chumvi,
itazila kabla mahindi hayajabeba.
Leta zilizochovywa zinki, mbili kila kiungo,
moja juu, moja kiganja kimoja kutoka ardhini,
na bolti za kupenya nguzo hadi ng'ambo.
Washa usizisahau.

Nikaleta. Risiti ninayo.

Kwa chifu tuliambiwa tuweke mpaka.
Mpaka lini, hakuna aliyesema.
Baba aliacha mikorosho saba:
mitatu yangu, mitatu ya Mramba,
na wa saba ulikuwa pale kamba ilipopita.
Tukaukata.
Miezi minane sijamwita ndugu yangu jina.
Watoto wake huniamkia huku wanakimbia.

Siku ya kufunga, msaidizi wa Kahindi
alikuwa matangani Ganze.
Kahindi akaibana paneli kwa goti na bega,
akaweka pima maji, kiputo kikatulia katikati,
akatoboa, akanipa bolti niisukume.
Ikatokea upande wa pili, ikazunguka tu.
Nikigeuza kichwa huku, mkia nao wageuka kule.
"Lazima mtu ashike nati," akasema Kahindi
bila kuniangalia, akijifanya anatafuta penseli
iliyokuwa sikioni mwake.

Nikatazama kwenye upenyo.
Mramba alikuwa ameketi juu ya kisiki
akimenya muhogo uliokwisha menywa.
Akainuka. Hakusema neno.
Niliona vidole vyake tu,
na kile kimoja kilichopinda
tangu nilipokibana na mlango, nikiwa na miaka saba.
Nikapitisha spana namba kumi na tatu chini ya ubao.

"Shika."
"Nimeshika."
"Inazunguka."
"Ngoja. Haya."
"Imekaza?"
"Bado."
"Sasa?"
"Bado. Robo."

Nguzo kumi na mbili, na kila nguzo ina bolti zake.
Hatukuwa tumesemezana kiasi hicho tangu mazishi.
Kwenye nguzo ya saba aliuliza
kama goti langu limepona.
Kwenye ya tisa nati ilimponyoka,
bata wake akaidonoa akakimbia nayo,
nikamsikia anamfukuza bata kwa jina la marehemu shangazi,
nikacheka hadi nikaangusha spana yangu.

Jioni Kahindi akautikisa ua kwa mikono miwili.
Haukulia.
"Huu," akasema, "utakuzika."
Nikamlipa, akaenda zake.

Kuna jambo ambalo dukani sikuliwaza.
Vichwa vya bolti viko kwangu, nati ziko kwake.
Peke yangu siwezi kuukaza ua huu ukilegea.
Peke yangu siwezi hata kuubomoa.
Wala yeye.

Na ile spana, ni wiki ya tano sasa,
iko kwake. Sijaidai.
Juzi alfajiri, baada ya usiku wa upepo,
nilisikia chuma kikigusa chuma, taratibu,
kama mtu asiyetaka kuamsha mtu.
Nikatoka na yangu, miguu mitupu kwenye umande,
nikapapasa ubaoni hadi nikaipata
bolti iliyokuwa ikizunguka.
Nikashika.