Kona ya Milimita Tatu

Leseni ya programu ya zamani inakufa Ijumaa.
Leo Jumatano, Shimanzi, feni inazungusha joto lilelile
na karakana nzima inangoja pangaboi moja,
la pampu ya tagi, mapanga sita,
alilolichora Nyevu miaka tisa iliyopita
kabla hajapata visa ya Doha.

Nikalitoa. Nikalipitisha kwenye faili la kati,
lisemalo lugha ya kila mtu, isiyo ya mtu,
nikalipokea upande wa pili
na lo! limekuja kubwa kuliko tagi yenyewe.
Milimita zimesomwa inchi.
Nikagawanya kwa ishirini na tano nukta nne,
likasinyaa, likakaa kimya katikati ya skrini
kama mtoto aliyekemewa mbele ya wageni.

Halafu mianya. Panga la nne halikushikana na kitovu,
pengo la unywele tu, lakini maji hayahitaji zaidi.
Nikashona uso kwa uso hadi adhana ya alasiri.

Tulipohama Kuze kwenda Kisauni
hamali alibeba kabati, kitanda, hata pazia la choo.
Hakuacha kitu. Ila hakubeba
kwa nini kabati lile lilikaa dirishani,
likala mwanga wetu miaka kumi na miwili.
(Jirani alikuwa na macho.)
Faili la kati nalo ni hamali. Silaumu.
Umbo limeleta lote.

Kule kwa zamani kila hatua ilikuwa na jina,
na Nyevu hakuwa mtu wa kuandika Mchoro Namba Moja.
Aliandika: Kitovu.
Aliandika: Kitovu tena, cha kwanza kilinidanganya.
Aliandika: Panga mama, mengine ni watoto wake.
Aliandika: Umeme umekatika hapa.
Na chini kabisa, pale panga linapoingia kitovuni,
pale alipoviringa kona:
Tatu. Usiguse. Muulize Lewa.

Huku kwa mpya pameandikwa: Bonge.
Bonge moja, halina kabla, halina baadaye.
Ukitaka kulibadili, lichonge kama jiwe.

Lewa, aliyekuwa akikereza, amestaafu Kaloleni,
na namba yake inajibiwa na mama wa huduma
anayerudia kwamba haipatikani.
Mteja ataka kona ya tano, ati ina nguvu zaidi.
Kijana wa mashine mpya asema hata nane ataitoa
na chai yake haijapoa.
Nikampigia Nyevu.

"Tatu?" yuwacheka. Nyuma yake lifti
inataja ghorofa kwa Kiarabu.
"Tatu ipi? Haki ya Mungu sikumbuki, Mishi.
Labda ndiyo patasi tuliyokuwa nayo.
Labda kulikuwa na sababu."
Akaniuliza bei ya viazi karai siku hizi.
Nikamwambia. Akanyamaza kidogo.

Alhamisi usiku, daftari la kurasa thelathini na mbili.
Nikanakili majina yote kwa kalamu,
pamoja na umeme uliokatika.
Kisha nikaanza upya, hatua baada ya hatua,
lile bonge nikalilaza chini, hafifu,
kama gauni kuukuu fundi analolikatia jipya.
Kitovu. Sikudanganywa mara hii,
ingawa nilijua alipodanganyikia.
Panga mama. Watoto watano, wote mara moja,
wakajipanga kuzunguka.

Kwenye kona mkono ukasita.
Kishale kinawaka, kinazima, kinangoja tarakimu.
Nikaandika tatu.
Kwenye jina la hatua nikaandika:
Tatu. Sababu iko Kaloleni, au haipo.

Mteja atapiga simu Jumatatu.
Sijui nitamwambia nini.