Ukurasa Mpaka Mwisho

Ibra, mwezi wa kumi, tende zimeshaanguliwa.
Miaka ishirini baba alisema neno moja,
alilisema kama mtu anayegongomea msumari:
uongozi ni amana, na kuichagulia mtu amana
Mungu hakuwabebesha wanawake.

Nami nilikuja kutoka Maskati kila Alhamisi,
hoja nimezipanga kama makopo dukani.
Nikamtajia wake wa Mtume, nikamtajia neno shura lenyewe,
nikampigia kelele juu ya sinia la wali.
Alinisikiliza, akanisogezea ndimu.
"Kula. Dini haijadiliwi huku mikono ina mchuzi."

Nilishindwa. Nalisema wazi,
maana leo jamaa wananipongeza mimi.

Kilichotokea ni kikavu kuliko hivyo:
maji ya falaji yalipungua, zamu zikapangwa upya.
Mama ana fungu lake, nusu saa ya alfajiri,
karithi kwa babu yake, halina mkono wa baba.
Baba, wakili wa falaji, akachukua daftari
akabisha hodi jikoni kwenye nyumba yake mwenyewe.
"Zuwena, fungu lako unalitoa, au hulitoi?"
"Silitoi," mama akasema, anachambua dengu.
Akaandika: hakutoa.
Kalamu ikabaki juu ya karatasi kitambo.

Baada ya hapo sikusikia neno, niliona taa tu.
Siku tatu, rakaa mbili za usiku wa manane.
Siku tatu, kile kitabu cha jalada la ngozi,
kidole kinashuka mstari kwa mstari,
kinapita pale kilipozoea kusimama.

Siku ya kura, simu ilitaka kuuona uso wa mama.
Nyumba hii haijatundika picha hata ya marehemu.
Nikanyoosha mkono; baba akaniwahi.
"Inua kidevu kidogo," akamwambia, "mwanga uko huku."
Simu ikamkubali. Akamrudishia,
akageukia ukuta
asijue ni jina gani linabonyezwa.

Hapo nikakosea. Nikasema: baba, umebadilika.
Akanitazama kama niliyemtukana.

"Sijabadilika, Muhsin. Ule ukurasa
nilikuwa siumalizi."

Akavaa ndara, akaenda kutawadha.
Mlangoni akarudi hatua moja:
"Na hiyo picha ifute.
Hilo bado sijalisoma."